Triga Niliyoifunika kwa Inshallah

Bunduki yenyewe ilikuwa ndogo, ya kaliba ya ishirini na mbili, ile ambayo risasi zake unaweza kuzijaza kiganjani kama njugu. Mwenyewe alikuwa muuza nyama wa mtaa wa Fordsburg, hapa Johannesburg, mtu wa Tanga kama mimi, ila yeye alipata uraia wa hapa zamani na karatasi zake zote zimenyooka. Kila msimu wa baridi yeye na mdogo wake huenda jimbo la Free State, kwenye shamba la mkulima mmoja wanayejuana naye, kuwinda kanga. Mdogo mtu hutangulia katika mabua ya mahindi kuwatoa ndege hadi penye uwazi, kisha hujitenga pembeni. Kaka mtu hufuata nyuma na bunduki.

"Maalim," aliniambia siku aliyoileta, "triga hii ni ngumu kama mlango wa benki. Naivuta, inaburuta, naivuta, inaburuta. Ikija kufyatuka, kanga ameshasoma magazeti akaondoka."

Nilicheka, lakini nilijua uzito wa maneno yake. Sisi Waislamu ndege aliyekufa kwa risasi peke yake hatumli; lazima kisu kimuwahi akiwa hai. Mkono ukitetemeka kidogo tu, ndege huruka na jeraha lake akafie mbali, na huyo si riziki ya mtu. Kwa hiyo nilipopokea kazi ile nilitia nia, kama ninavyotia nia ya mambo mengine.

Karakana ninayofanyia kazi iko mtaa wa Turffontein. Bosi wangu ni Mreno mzee mwenye leseni ya ufundi wa bunduki. Mimi ni mkono wake tu. Nyumbani nilikuwa fundi wa cherehani na saa, na jioni nilisomesha watoto Kurani. Nilipofika Johannesburg, Mwenyezi Mungu alinifungulia mlango huu ambao sikuuomba. Mreno aliona nilivyoshika bisibisi, akaniambia njoo kesho. Ni miaka mingi sasa, na sijapata kulala njaa. Alhamdulillahi.

Ndani ya triga kuna jino dogo la chuma linaloizuia pini isiruke. Ukivuta, jino linateleza, pini inaachiwa, risasi inapigwa ukingoni mwa kitako chake. Uso wa jino ukiwa na mikwaruzo, ndipo unapopata ule mburuto. Kazi yangu ni kuusugua kwa jiwe laini lenye mafuta mpaka uteleze, bila kulila jino lenyewe. Likibaki linashika kwa unywele tu, bunduki ikigongwa inaweza kujifyatua.

Alhamisi niliipima nguvu ya kuvuta triga kwa mizani ya kuning'iniza: kilo mbili na nusu. Ijumaa asubuhi ilikuwa imeshuka hadi kilo moja na robo. Ningesimama hapo. Lakini mkono ulikuwa umeshaonja utamu. Nilisugua tena kidogo, nikavuta, ikakatika safi kama kijiti cha barafu. Nikasugua tena. Kilo moja kasoro. Nikaizungusha mezani, nikajisifu moyoni, na saa ya ukutani ikaniambia nimechelewa swala ya Ijumaa.

Kulikuwa kumebaki jaribio moja. Bunduki tupu hukokiwa, kisha kitako hugongwa kwa nyundo ya mpira mara kumi, na ubavu hivyo hivyo, kuona kama jino litastahimili. Sijawahi kuiacha bunduki ipite bila jaribio hilo. Nilikuwa nanawa mikono, koti begani, bosi aliponiuliza kutoka ofisini kwake:

"Ya muuza nyama iko sharp?"

"Inshallah," nikasema, nikatoka.

Nilimaanisha nikirudi nitaimaliza. Au labda sikumaanisha kitu. Hilo ndilo lililonitafuna baadaye.

Msikitini khatibu alizungumzia amana. Sikumbuki alichosema zaidi ya neno hilo, kwa sababu tangu lilipotoka kinywani mwake nilianza kuiona nyundo ya mpira ikiwa imetundikwa msumarini, kavu, haijaguswa. Nilisali rakaa mbili na sijui nilisoma sura gani. Mtu wa umri wangu, anayewafundisha wenzake khushui, kuutuliza moyo ndani ya swala!

Niliporudi, meza yangu ilikuwa tupu.

"Amekuja nduguyo muuza nyama," bosi akasema. "Amefurahi sana. Wanaondoka leo hii."

"Umempa?"

"Nilikuuliza kama iko tayari. Umesema inshallah."

"Inshallah si ndiyo!"

Alivua miwani. "Rafiki yangu, nimeishi na Waislamu wa mji huu maisha yangu yote. Nikiuliza utanilipa lini, wananiambia inshallah, na wananilipa. Nikiuliza utakuja kesho, inshallah, na wanakuja. Sasa niambie wewe uliyesoma: kwenu neno hilo ni ndiyo au ni hapana?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaeleza watu, darsa baada ya darsa, kwamba neno hilo husemwa na mtu aliyekwisha kuazimia, aliyefunga mzigo wake wote, halafu akamwachia Mola kilicho nje ya uwezo wake. Nyundo ilikuwa ndani ya uwezo wangu. Nililichukua jina la Mungu nikafunikia nalo kazi niliyoiacha nusu.

Nilipiga simu. Haikupatikana. Nikapiga tena nikiwa nimesimama, nikapiga nikiwa nimekaa. Bosi akaniambia nitulie, mtu yule ni mzoefu, atakuwa mwangalifu. Lakini mimi kila nikifumba macho naona mgongo wa mdogo mtu, koti lake la kahawia, unapenya katika mabua, na nyuma yake kaka mtu na bunduki iliyokokiwa anajikwaa kwenye tuta.

Nilipanda teksi hadi Fordsburg. Mke wa muuza nyama alikuwa nyuma ya mizani, anamhudumia mteja.

"Maalim, karibu! Nikupe maini?"

"Wako wapi, mwanangu?"

"Wamekwisha ondoka. Mume wangu akiona kanga hata harusi yake angeiacha." Aliponitazama vizuri akaacha kutania. "Kuna nini?"

Nilimwambia. Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Alifuta mikono kwenye aproni, akarekodi ujumbe wa sauti kwa mumewe: asiitie bunduki risasi, ampigie Maalim. Kisha akanieleza kwamba shambani hakuna mtandao. Mpaka wapande kilimani kwenye tangi la maji. Huwa wanapanda asubuhi, baada ya kuwinda.

Baada ya kuwinda. Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani kwangu Hillbrow, nikaamka nayo.

Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa nimekwisha kaa kwenye benchi la wateja pale buchani, hata milango haijafunguliwa yote. Nilishika tasbihi, nikavuta istighfari, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Nilisimama. Nikatoka hadi kwenye taa za barabarani za pembeni, hapa huitwa robot, nikazitazama zikibadilika mara tatu bila kuvuka, nikarudi. Mke wa muuza nyama alinipa chai, ilipoa mkononi. Alikuwa akikata mbavu kwa msumeno wa umeme, na kila mlio ulipokatika sote wawili tuliitazama simu.

Ililia saa nne kasoro.

"Maalim! Triga yako asali! Tumeshapata kanga wanne, wote nimewawahi kwa kisu. Sasa nimepanda huku ndiyo naona simu zako kumi na—"

"Bunduki iko wapi?"

"Begani."

"Ina risasi?"

"Ina moja, tunashuka tena sasa hiv—"

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Huyo hapo mbele, anafungua geti."

"Elekeza mtutu chini penye udongo, pasipo na mtu. Toa risasi. Kwanza toa, halafu uniulize."

Nilisikia upepo, kisha chuma kikivutwa nyuma, na kitu kidogo kikianguka kwenye mawe. Sijasikia sauti iliyonipendeza kama ile. Nikakaa chini, na yule mwanamke akashika ukingo wa meza, akasema alhamdulillahi kabla yangu. Kisha nikamweleza mumewe kosa langu lote.

Jumatatu bunduki ilikuwa mezani kwangu. Niliikoki tupu, nikaigonga kwa nyundo. Moja. Mbili. Ya tatu, tak, pini ikaruka. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Eish." Tulibadilisha lile jino na springi yake, nikasugua upya kwa adabu, tukaishia kilo moja na nusu. Safari hii nyundo ilikamilisha kumi zake, mara tatu, na jino halikutikisika.

"Imekwisha," bosi akasema. "Hakuna aliyeumia. Usiende kulizungusha jambo hili mjini."

Nilimwelewa, ndiyo riziki yake na yangu. Lakini kuna haki ya Mungu na kuna haki ya mja. Ya Mungu nilishaiombea toba tangu Ijumaa. Ya mja haisameheki mpaka mja mwenyewe aseme, na mja wangu alikuwa na koti la kahawia, hajui lolote.

Nilimkuta buchani, kaka yake hayupo. Nilimweleza yote, na neno nililolisema, na kwa nini. Alisikiliza kisu kikiwa mkononi.

"Ndiyo maana," akasema taratibu. "Pale getini alinirudisha nyuma. Akaniambia amechoka kuutazama mgongo wangu, leo anataka kutangulia yeye. Nikadhani ni mapenzi!"

"Hakukwambia?"

"Hakuniambia hata nusu neno." Akacheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Alikiweka kisu chini. "Maalim, wewe nimekusamehe. Huyo mwingine tutazungumza nyumbani. Lakini bunduki hiyo nataka kuiona."

"Imetengenezwa."

"Nataka kuiona mimi."

Nilikwenda naye Turffontein siku hiyo hiyo. Bosi alimtazama, akanitazama mimi, akafungua sefu bila kuuliza. Nilimwonyesha chemba iko tupu, nikaikoki, nikampa nyundo ya mpira. Aligonga kitako, akainamisha sikio. Akagonga tena kwa nguvu zaidi. Alipofika kumi nilidhani amemaliza, nikanyoosha mkono. Akausukuma pembeni mkono wangu, akaigeuza bunduki ubavu, akaanza upya: moja.