Sentensi Niliyokataa Kuiacha

Nakumbuka siku moja nimekaa jikoni kwetu Chawia, kitabu cha mazoezi ya mtihani wa Kiingereza mapajani, nimechanganyikiwa vibaya. Nilikuwa natafuta nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo, na bila kupita mtihani huo hakuna kwenda. Mwanangu, wewe unayeufanya kesho kutwa huko Voi, nipe sikio kidogo.

Maswali yenyewe unayajua. Unapewa sentensi, sehemu imepigwa mstari, chini yake majibu matano. La kwanza, A, linaiacha sentensi ilivyo. Mengine manne yanaibadilisha. Nikisoma B, naona ndilo. Nikisoma C, B naliona bovu. Nikifika E, sijui hata kama nimewahi kusoma Kiingereza! Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwatafsiria wahubiri wageni kanisani, kwa hiyo kumuuliza mtu niliona haya.

Baba yangu hakujua Kiingereza, ila herufi alizijua. Aliinama akatazama karatasi yangu.

"Mbona sioni A hata moja?"

"Sijaiandika popote."

"Kwani huyo mwenye kitabu alishindwa kuandika hata sentensi moja nzima?"

"Baba, hii ni kazi ya kurekebisha," nikamjibu kwa ukali. "Nikiacha vile ilivyo, nitakuwa nimefanya nini?"

"Pengine utakuwa umesoma," akasema, akaenda zake kuwafungia mbuzi.

Sikumsikia. Siku ya mtihani nilirekebisha kila kitu, hata vilivyokuwa vizima. Nilipungukiwa alama chache tu za kufaulu, nafasi ikaniponyoka. Nyumbani nikamwambia baba mtihani ulikuwa na hila. Miaka baadaye, nikimsaidia binti wa jirani, ndipo nilipofungua majibu nyuma ya kile kitabu, ambayo kwa kiburi sikuwahi kuyatazama. A zilikuwa tele. Baba tulikuwa tumeshamzika, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, soma sentensi yote kabla hujagusa majibu. Tafuta ni nani anafanya nini, na lini. Ondoa jibu ambalo kosa lake unaweza kulitaja. Kama huwezi kulitaja, usilizushe. Sentensi ikiwa sawa, iache, hata mkono ukikuwasha. Ukichanganyikiwa kwenye mazoezi, uliza, hata kama wa kumuuliza hakusoma. Mimi mwenyewe mengine bado yananishinda, sitakudanganya.

Mungu akutulize akili, akufungulie njia yako. Na matokeo yakitoka, mazuri au mabaya, njoo uniambie ukweli. Mimi baba yangu sikumwambia.