Sekunde Zilizonyooka Mno

Nyumbani walimwita Nukta tangu utotoni, kwa udogo wake. Alipokuwa darasa la sita kifafa kilimwangusha mbele ya wenzake mara tatu katika muhula mmoja, na mara ya tatu watoto waliruka madirisha. Mama yake, fundi cherehani, alimchukua siku hiyohiyo na hakumrudisha tena. Dawa zilikuja kumtuliza, lakini wakati huo mama na binti walikuwa wamekwishazoea: upande mmoja wa meza cherehani, upande wa pili madaftari.

Mama alimfundisha alichoweza. Hesabu alizijua vizuri, lugha pia. Walipofika kwenye fizikia akanyoosha mikono. Akasema wazi kwamba hapo amefika ukingoni, asije akamfundisha mtoto uongo. Ndipo akamwandikisha kwenye kozi ya sayansi ya mtandaoni, masomo mawili kwa wiki kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la vifungo. Mwalimu wa kozi alikuwa mwanamume wa sauti ya taratibu, mwenye mazoea ya kukohoa kabla ya kuuliza swali, hivyo wanafunzi walipata nafasi ya kujiandaa.

Jaribio la nne lilikuwa la kupima mvuto wa dunia. Unatundika kizito kwenye uzi, unapima urefu wa uzi, unakiacha kiyumbe mara ishirini huku ukihesabu sekunde, kisha unaziingiza nambari hizo kwenye kanuni. Jibu linajulikana dunia nzima: tisa nukta nane. Nukta alipigilia msumari juu ya fremu ya mlango, akaning'iniza kufuli kwa uzi wa jinzi, akaazima futi ya mama, ile ya kitambaa iliyokuwa daima shingoni mwake. Akapima mita moja kamili kutoka msumarini hadi katikati ya kufuli.

Sekunde zikatoka arobaini nukta saba. Akapiga hesabu: tisa nukta tano. Akarudia. Tisa nukta tano. Akafunga mlango wa uani upepo usiingie, akarudia mpaka mara tano, na mara moja tu ilipanda kidogo ikawa tisa nukta sita.

Aliketi akalitazama daftari la rafu, alimoandika nambari kwanza kabla ya kuzinakili safi. Wenzake kwenye kozi walikuwa wanafunzi wa shule za kweli, wenye maabara na meza za vigae. Yeye alikuwa na kufuli mlangoni. Alimwona akilini mwalimu akisoma jibu lake na kusema moyoni, huyu ndiye yule wa nyumbani. Basi akachukua karatasi safi, akageuza sekunde arobaini nukta saba kuwa arobaini nukta moja, mara zote tano, na kila mstari ukatoa tisa nukta nane. Akaituma kabla roho haijamsuta.

Siku mbili baadaye mwalimu alimpigia. Mama alikuwa anatia pindo gauni la mteja, na simu ile haikujua kunong'ona.

Mwalimu alikohoa. "Nambari zako zimenyooka mno," akasema. "Mkono wa binadamu haupati hivi mara tano mfululizo. Una daftari la rafu?"

Cherehani ilinyamaza. Nukta angeweza kusema limepotea, lakini lilikuwa pale chini ya kiwiko chake, na mama alikuwa analiangalia. Akasoma zile za kweli, moja baada ya nyingine, sauti ikipungua.

Mwalimu hakugomba. Alisema alama za ripoti ile amezifuta, hilo halina mjadala. Kisha akasema hizi za rafu zinamfurahisha kuliko zile alizotumiwa, kwa kuwa zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. "Mkono wako hautetemeki. Kuna kitu kinakuvuta upande mmoja. Kitafute, halafu uandike upya."

Simu ilipokatika, Nukta alingoja mama aseme neno. Mama alisema tu, "Kitafute basi," akarudi kwenye pindo lake, na hilo lilimuuma binti kuliko maneno mia.

Alianza na saa ya simu, akailinganisha na saa ya ukutani kwa dakika kumi; ziliafikiana. Akabadilisha kufuli. Akabadilisha uzi. Siku ya tatu akaenda kwa seremala wa jirani kuazima futi ya chuma, akailaza mezani sambamba na ile ya mama. Mita moja ya chuma ilipoishia, futi ya mama ilisoma tisini na saba.

Kitambaa kilikuwa kimevutika. Uzi wa jaribio haukuwa mita moja; ulikuwa mita moja na sentimita tatu.

Mama alipoonyeshwa, alikaa kitini. "Miaka kumi na miwili nakata nguo za watu na hii," akasema. "Mbona zinawakaa?"

Nukta alifikiri. Kisha akamweleza kwamba mwili hupimwa kwa futi ileile na kitambaa vilevile, hivyo kosa linajifuta lenyewe. Mama akacheka kwa kupumua. Halafu kicheko kikakatika katikati.

"Sare za chekechea," akasema.

Mwaka uliopita mwalimu mkuu wa chekechea alimletea vipimo vilivyopimwa kwa futi ya shule na kuandikwa kwenye karatasi. Sare zikatoka kubwa. Mama aliapa kwamba vipimo ndivyo vibovu, yule akasema fundi ndiye mbovu, na tangu hapo wakikutana sokoni kila mmoja alipata cha kutazama upande wa pili.

Kesho yake wakaenda wote wawili na futi zote mbili. Nukta hakuwa ameingia geti la shule tangu siku ile ya madirisha, lakini mama alimhitaji aeleze. Akazilaza futi juu ya meza ya ofisi na kueleza kila kitu, hata zile sekunde alizozigeuza, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Alisema sare za mwaka huu ameshampa fundi mwingine, na hawezi kumnyang'anya mtu kazi. Mama akajibu kwamba hakuja kutafuta kazi. Kisha mwalimu mkuu akauliza futi mpya zinauzwa wapi, maana hata ile ya shule sasa anaitilia shaka.

Ripoti ya pili Nukta aliiandika kurasa nne. Ilipata alama sabini, na pembeni mwalimu aliandika kwamba thelathini zilizobaki Nukta mwenyewe anajua zilikokwenda. Binti aliisoma kwa sauti ili mama asikie. Kisha akafungua somo linalofuata, la joto, na mama akasogeza kiti chake akae karibu, akitaka kujua kwa nini pasi ya mkaa huchelewa kupoa hata mkaa wake ukishazima.