Jirani Asiyekanyaga Nyasi

Jirani yangu, nesi wa ghorofa ya juu hapa mjini Dixon, hakatizi kwenye nyasi hata basi likimwacha. Huzunguka kwa lami, vidole vyeupe kwa chaki anayopaka asiteleze kwenye ukuta anaojifunzia kukwea miamba. Eti kwenye hifadhi za jangwani udongo una uhai, ukikanyagwa unakufa, basi anaizoeza miguu kuzunguka.

“Dada, jangwa liko wapi hapa?” nilimuuliza siku moja.

“Mguu hausomi ramani, wewe mtoto.”

Bahati nasibu ya vibali vya kushuka kwa kamba korongoni huko jangwani ilikuwa ikimpita kila msimu. Leo alitoka mlangoni akitazama simu, akapiga vigelegele mpaka madirisha yakafunguka.

“Kibali, mdogo wangu! Nimepata!”

Basi lilikuwa linaondoka. Akatimka, kwa lami, akizizunguka nyasi. Mimi nilikuwa nimeshapanda; nikazuia mlango wa basi kwa mguu.

“Dereva, subiri! Bingwa anazunguka!”