Kamba ya Sombe

Jumanne ilikuwa siku yangu na Nagasaro. Asubuhi nilijaza unga wa muhogo kikapuni, nikapanda mlima hadi kwake, na kabla jua halijawa kali nilikuwa nimeshuka tena na kibuyu cha maziwa. Tulifanya hivyo miaka mingi, tangu mtoto wangu wa pekee, Furaha, akiwa mgongoni. Hiyo ni kule kwetu Kongo, katika milima iliyo juu ya Uvira. Sisi wa bondeni tulilima, wao wa mlimani walifuga. Unga kwa maziwa, na hakuna aliyepima.

Jumanne ya mwisho Nagasaro alinishika mkono akanipeleka zizini. Ng'ombe wake mwekundu, Bihogo, alikuwa amesimama peke yake, tumbo limeshuka.

"Mama Furaha, angalia. Hii juma anazaa."

"Mimi naangalia nini? Kwangu ngombe yote ni nyama yenye kuwa na pembe."

Alinipiga begani. "Ninyi batu ba muhogo! Mungu aliwanyima macho." Tukacheka. Kisha akaacha kucheka. "Kesho nateremuka na kijana yangu Muhoza ku hospitali, mguu yake haiponi. Kama Bihogo anazaa nikiwa siko, bwana yangu atakamua, lakini kubembeleza mutoto hajui. Upande huku, umuangalie mutoto."

"Nitapanda."

"Umesema?"

"Nimesema."

Kwetu mtu akikuuliza "umesema" nawe ukajibu "nimesema", imekwisha. Hakuna karatasi inayozidi hapo.

Alhamisi mlima ulitoa moshi.

Tulisikia bunduki tangu asubuhi hadi jua kuwa juu ya kichwa. Halafu tukasikia ng'ombe. Sijawahi kusikia ng'ombe wengi wakilia pamoja namna ile, na baadaye sijawahi kusikia mlima ukinyamaza namna ile.

Wengine wakisimulia habari hizi husema "watu wasiojulikana". Mimi siwezi. Waliopanda siku ile walikuwa vijana wa bondeni, vijana wetu, na niliwajua kwa majina na kwa mama zao. Mmoja alikuwa Etabo, mdogo wa mume wangu. Walisema watu wa mlimani ni maadui, wanaficha silaha. Mume wa Nagasaro alibaki kule kule, mlangoni kwake. Waliopona walikimbilia msituni. Nagasaro na mwanawe walikuwa hospitalini, sikujua kama wako hai.

Jumamosi nilikuta ndama katika muhogo wangu.

Alikuwa mwekundu, miguu mirefu inatetemeka, kitovu kimekauka lakini bado kinaning'inia. Aliponiona hakukimbia. Alikuja akanisukuma tumboni kwa kichwa, akitafuta. Nilijua ni mtoto wa nani. Rangi ile haikuwa kwa mwingine.

Mume wangu, Wilondja, alitoka nyumbani akasimama. Wilondja alikuwa mtu wa maneno machache.

"Hiyo itatuua," alisema.

"Nilisema nitamuangalia."

Akachukua panga, nikaogopa, kumbe anakwenda kukata majani ya kumlalisha.

Shida ilikuwa maziwa. Nagasaro hakunifundisha kukamua, maana kwao hiyo ni kazi ya wanaume. Na sisi tulikuwa na mbuzi wawili wenye kunyonyesha, lakini kwetu kukamua mbuzi ni aibu kubwa. Mbuzi ni wa mahari na wa kuchinja. Anayekunywa maziwa yake amekwisha. Nilikamua. Siku ya kwanza mbuzi alinipiga teke mara tatu na nikapata maziwa ya kulowesha kiganja. Nilichovya vidole viwili nikavitia mdomoni mwa ndama. Akanyonya vidole kama ndio mama yake.

Jirani yangu Mama Asende alinikuta nimechuchumaa nyuma ya mbuzi.

"Eh, Mama Furaha! Mumefika fasi ya kunywa mbuzi?"

"Tumefika."

"Yesu wangu. Na bwana yako anakunywa?"

"Anakunywa na anaomba ingine."

Alicheka, akaenda kuwaambia wote. Nikamwacha aeneze. Kila aliyecheka aibu yangu hakuuliza maziwa yanakwenda wapi. Ndama tulimfunga ndani, katika chumba chetu cha kulala, nyuma ya blanketi tulilolitundika kama pazia.

Lakini ng'ombe hafichiki. Ana mavi yake.

Etabo alikuja na wenzake watatu, mchana. Nilisikia sauti zao uani. Niliingia chumbani, nikaketi mkekani, mgongo wangu kwenye blanketi.

Ndama alianza kuguna. Nilipitisha mkono nyuma, chini ya blanketi. Nikampa vidole.

Akanyonya.

Etabo alisimama mlangoni na bunduki. "Shemeji, batu banasema munaficha ngombe ya badui."

"Tafuta. Kama unaipata, uniletee na mimi nyama."

"Na ile mavi ya inje?"

Wilondja alijibu kutoka uani kwamba aliyaokota mlimani, ya kusiriba nyumba.

Vidole havikuwa na maziwa. Ndama alivuta kwa nguvu zaidi. Meno yake ya chini yalikuwa yanachuna ngozi, na bega langu lilitikisika kila akivuta. Sikuweza kulizuia.

Etabo aliangalia bega langu. Aliangalia macho yangu.

"Tuende," aliwaambia wenzake. "Hapa ni harufu ya mbuzi tu."

Kama aliona au hakuona, sijui. Etabo aliuawa mwezi uliofuata, na sikupata kumwuliza. Alichofanya mlimani sitakifuta, na alichofanya mlangoni kwangu sitakifuta.

Ndama akakua. Sikumpa jina, maana sisi ng'ombe hatuwapi majina. Jina alijipatia kwa ujinga wangu. Alipoanza kutafuna nilimvunia majani ya muhogo, mabichi, ya ule muhogo mchungu. Niliwaza, sisi sote tumekulia sombe, mboga ya majani haya haya, yeye itamdhuru nini? Nikasahau kwamba sombe tunaitwanga, tunaichemsha asubuhi yote mpaka uchungu unatoka, na ndama hana chungu. Alianguka. Povu mdomoni, macho yamegeuka. Mtoto wa mlimani yeyote angenikataza. Niliketi naye nimeshika kichwa chake, nikimwambia Nagasaro, kama ananisikia, kwamba nimemuua mtoto wake kwa upumbavu wa mtu wa muhogo. Bahati alikuwa amekula kidogo. Jua lilipoanza kuinama alisimama, akaenda kwenye ndoo, akanywa maji.

Wilondja akasema, "Huyu ni Sombe." Huo ndio mzaha pekee niliomsikia akifanya mwaka ule. Kisha akaketi akamsokotea kamba ya katani, nyuzi tatu, nene kama kidole gumba.

Vita havikai upande mmoja. Wengine wenye bunduki walikuja bondeni wakati wa kuvuna mahindi, wakatufanyia tulichowafanyia wa mlimani. Mama Asende alikufa jikoni mwake. Tulitoka tukiwa shambani, na nguo tulizovaa, na Sombe, tuliyekuwa tukimficha katikati ya mahindi, kwenye kamba. Furaha alikuwa ameolewa mbali, kwa hiyo tulikuwa sisi wawili na ndama. Watu njiani walitushangaa. "Munakimbia na ngombe?" Tulikimbia naye siku mbili.

Siku ya tatu kulikuwa na kizuizi. Mti umelazwa njiani, wanaume watano. Sikujua ni wa upande gani, nao hawakusema.

"Achia kamba," mmoja alimwambia Wilondja.

"Hii haiko yangu. Iko na mwenyewe. Siwezi kuitoa."

"Achia."

"Kama ingekuwa yangu ningekupa."

Alisema ukweli. Walimpiga risasi mbili.

Hakuachia hata alipoanguka. Walikata kamba kwa kisu, wakamvuta Sombe wakaenda naye nyuma ya mti. Nilimsikia analia, halafu sikumsikia.

Kipande cha kamba kilibaki mkononi mwa Wilondja. Nilifungua vidole vyake kimoja kimoja.

Nilifika Uganda, nikapewa kiwanja katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nikalima. Kamba nilifungia kanga kiunoni njia nzima, kisha nikaitundika kwenye msumari. Watu wetu waliponiuliza mume wangu alikufaje niliwaambia, nao wakatikisa vichwa. "Alikufa kwa sababu ya ngombe ya adui." Nimesikia hayo kisimani, nimesikia hayo baada ya ibada, nimesikia hayo kwa mzee wa kanisa aliyekuja kunifariji. Niliwajibu wote namna moja. Wilondja aliuawa na mtu mwenye bunduki. Sombe hakuwa na bunduki.

Kilichonikaa rohoni kilikuwa kingine. Nilikuwa nimesema "nimesema", na mwenye ndama sikumwona nimweleze.

Halafu siku moja tuliitwa Base Camp, penye ofisi za kambi, kuhakikiwa majina. Foleni ilikuwa ndefu, jua linachoma. Zamu yangu ilipofika nikaweka kidole kwenye mashine ya kusoma alama za vidole. Ikakataa. Nikaweka kingine. Ikakataa.

"Nyabo, vidole yako imeisha," alisema kijana wa Uganda aliyesimamia mashine, akiniita mama kwa lugha yao. "Jembe ilikula?"

"Jembe na ndama."

"Ndama? Ndama inakula vidole?"

Watu wakacheka. Nikakasirika, nikapaza sauti ili wote wasikie. "Ndiyo, ndama! Mutoto wa Bihogo, ngombe ya Nagasaro wa kule mulimani! Nilimupa hivi vidole anyonye, na kama hiyo mashini yako haivitaki, mimi navitaka!"

Nyuma yangu, mbali kidogo, mwanamke akauliza, "Bihogo gani?"

Sikugeuka haraka. Niliijua sauti.

Alikuwa amekonda, nywele nyeupe. Tuliketi chini palepale, zamu zetu zikatupita. Nilimweleza yote, nikianzia muhogoni. Nilipofika kwenye kizuizi nilimwambia, "Mutoto yako sikumufikisha." Akaniuliza tu, "Mulimuita nani?"

"Sombe."

Aliniangalia. "Muliita ngombe mboga?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, machozi yakishuka hadi kidevuni. "Batu ba muhogo! Batu ba muhogo!" Kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Tulilia pamoja, yeye wa kwake na mimi wa kwangu.

Kesho yake nilimpelekea kamba. Aliishika mahali ilipokatwa, akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi tatu. "Bwana yako alisokota vizuri," alisema. "Wetu hawakujua kusokota hivi."

Sasa Nagasaro anaishi mjini Mbarara, mtaa wa Kakoba, kwa mwanawe Muhoza, ambaye bado anachechemea na anashona viatu. Kila mwezi napanda gari na kikapu cha unga wa muhogo. Maziwa tunanunua dukani, ya mfuko, na kila mara Nagasaro anaonja na kusema yametiwa maji. Kamba iko ukutani kwao, juu ya meza ya viatu. Haifungi kitu.

Vijana wetu wa Nakivale, waliozaliwa huku, ambao hawajauona mlima wala bonde, wananiona kwenye kituo na kikapu. "Koko, bibi yetu, unga unapelekea nani?" Wanajua. Wanataka nione haya.

"Napelekea Nagasaro, mwenye Bihogo," nawajibu, kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa barabara.

Nimepima nilichopoteza. Wilondja hana kaburi ninaloweza kulifagia. Nyumba imekwisha. Ndama mwenyewe hakufikisha mwaka. Upande wa pili wa mzani kuna kipande cha kamba na mwanamke mmoja mzee anayelalamikia maziwa. Mzani hausawaziki, na sisemi unasawazika.

Lakini wakija leo tena na bunduki zao waulize ndama yuko wapi, nitaketi palepale mkekani, nitawatazama machoni, na mkono wangu utakuwa nyuma.