Siku Tovuti Iliponiondoa

Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kuingia kwenye tovuti ya kampuni na kubadilisha taarifa: bei ya maparachichi, gari la kukusanya litapita Suma au Kiwira, mizani ipi imeharibika. Mvua ya Tukuyu ikikata umeme, niliandika kwa simu yangu. Mama, kule Mpuguso, hakujua tovuti ni nini, ila alijua picha yangu imo. Jirani yake, mwalimu aliyehamishiwa huko, alimfungulia kwenye simu yake kila mara wageni walipokuja.

Halafu akaja meneja mpya. Wiki ya kwanza tu alisimama nyuma ya kiti changu, akanitazama nikiandika, akacheka.

"Dada, hii kazi hata kuku akifundishwa anaiweza."

Ofisi nzima ikacheka, wakiwemo wawili niliowaombea kazi mimi mwenyewe.

Akamleta fundi kutoka Mbeya, akaunganisha tovuti na mfumo wa ofisi. Bei ikipangwa, gari likibadilishiwa njia, mfanyakazi akiajiriwa, tovuti inajibadilisha yenyewe. Nilidhani nitapewa kazi nyingine. Nilipouliza, meneja akasema, "Wewe kaa hapo uiangalie. Ikikosea, niite."

Nikakaa. Haikukosea. Kila alipopita aliniuliza kwa sauti, mbele ya wakulima waliojaa kwenye benchi, "Dada, imekuomba msaada leo?" Wazee waliangalia chini. Vijana walicheka.

Asubuhi moja ukurasa wa wafanyakazi ukajibadilisha huku nautazama. Mimi sikuwemo. Picha za wenzangu zilikuwa zimesogea, hata pengo halikuonekana. Niseme kweli, nilifurahi. Nikamwita.

"Bosi, leo imekosea."

Akaja taratibu na kikombe chake cha chai, akainama kwenye kioo cha kompyuta.

"Haijakosea. Nimekutoa kwenye mfumo jana jioni. Nilitaka nione utachukua muda gani kugundua."

Nikachukua mwavuli wangu na kanga niliyokuwa nikijifunika baridi. Wale wawili walikuwa wameinamia meza zao kama wanaotafuta sindano.

Nilipofika Mpuguso, habari ilikuwa imenitangulia. Mwalimu alitaka kumwonyesha mgeni picha yangu, akanikosa. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, hakuinua uso.

"Gwe mwanangu, umeiba nini?"

"Sijaiba, mama. Ile tovuti sasa inajiendesha yenyewe."

"Mtu hafutwi bure."

Nikamweleza kuhusu fundi, mfumo, na meneja. Akaendelea kumenya. Jumapili, kanisani, aliomba kwa sauti Mungu awasamehe watoto wenye mkono mrefu. Benchi zima mbele yetu liligeuka.

Siku hizi nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi pale Kiwira, kando ya barabara. Mama hajawahi kukanyaga. Nikimtumia sukari na sabuni anapokea, nami napiga simu kuuliza kama vimefika.

"Ndaga," ananishukuru, halafu anakata.