Kiazi kikuu cha mama kimeonekana kwa Bi Tatu

Leo nimeshindwa kilimo na mwanamke, na mimi sishindwagi!

Mnanijua. Kijiji kizima cha Mkuza hakuna mwenye mistari ya mihogo iliyonyooka kama yangu.

Kwa jirani yangu Bi Tatu nilikuwa sikanyagi. Kachanganya mbaazi, choroko, mchaichai na mipapai kwenye kiwanja kimoja. Mimi napaita porini.

Asubuhi mbuzi wangu kakata kamba, kaingia humo. Namfuata, naona mmea wa kutambaa umepanda juu ya mpapai.

Nikaukumbatia mpapai.

Kiazi kikuu cha mama! Tulikiacha Kisarawe siku tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Nimekitafuta mpaka nimezeeka.

Mara Bi Tatu huyo: "Mzee Salumu, mbuzi anamaliza mbaazi, wewe unakumbatia mpapai?"

"Hiki umekipata wapi?"

"Siku ile ya lori la kutuhamisha Kisarawe wewe ulibeba redio. Mama yako mbegu akanipa mimi."

Jamani! Miaka yote hiyo kaitunza!

Nikaomba kipande.

"Nakupa. Ila ng'oa mstari mmoja wa mihogo, uchanganye kama mimi."

Nimeng'oa miwili. Mimi ndiye Salumu.

Haya semeni, nani mwingine ana jirani kama Bi Tatu?