Kuti Lisilofungwa

Enzi zetu, masika yakiisha, Bagamoyo nzima ilinuka makuti mabichi. Nyumba hadi nyumba watu walikuwa wanajenga ua upya, kwa sababu ua wa mwaka uliopita ulikuwa umeshakwenda na maji. Pale kwetu, karibu na pwani, hewa yenyewe ina chumvi; ukianika kanga asubuhi, jioni unaitoa kambani bado inanata. Kuti lingedumu vipi? Kilichobakishwa na mvua kilimalizwa na mchwa. Basi kila mwaka wanaume walichimbia fito, wanawake wakasuka makuti, na sisi watoto tukaokota vipande vilivyobaki tukatengeneza saa za mkononi, miwani na tarumbeta. Siku moja niliwapa wajukuu zangu kuti wachezee. Wakaligeuza huku na huku, kisha mmoja akaniuliza linawashwa wapi.

Vijana wa leo wanadhani uani ni nyuma ya nyumba. Kwetu uani ndiko nyumba yenyewe ilikokuwa. Mbele kulikuwa na baraza, na baraza lilikuwa la wanaume, na kahawa yao, na habari zao zisizokwisha. Uani ndiko kulikopikwa, kulikofuliwa, kulikosukwa nywele na ukili wa mikeka. Huko ndiko tulikocheza kombolela mpaka tukamwaga unga wa watu, tukafukuzwa na mwiko. Kulikuwa na harufu ya nazi inayokunwa, moshi wa makumbi, na samaki wa kukaanga anayeita mpaka paka wa mtaa wa pili. Mtoto wa kiume alikaa huko mpaka alipotiwa jandoni. Baada ya hapo akahamia barazani, na uani akawa mgeni: akitaka kuingia, anakohoa kwanza.

Mimi nililelewa na bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanahawa. Nyuma yetu, uani kwa uani, mlango wao ukitazama mtaa wa pili, alikaa shoga yake, Bi Zuhura, mwanamke mnene mwenye mguu wa matende na kicheko cha kuamsha kuku. Walikuwa wameolewa mwaka mmoja, wakazaa pamoja, wakagombana na kupatana mara nyingi kuliko nywele zao. Kati ya uani kwetu na uani kwao kulikuwa na ua wa makuti kama nyua nyingine zote, ila kuti moja, karibu na mti wa mlonge, halikufungwa. Lilisimamishwa tu. Wanaume walipomaliza kujenga na kwenda kunywa kahawa, Bibi alikwenda taratibu na kisu chake, akakata kamba ya kuti lile, na mambo yakawa sawa. Hakuna mwanaume aliyewahi kuulizwa wala kuambiwa.

Kwa njia hiyo Bi Zuhura aliingia kwetu asubuhi kuomba kaa la moto, akarudi adhuhuri na bakuli la mchuzi, akarudi tena alasiri kwa ajili ya tambuu. Kupita mbele ilikuwa shughuli nyingine. Ilimbidi avae buibui, auburute ule mguu kuzunguka nyumba zote za safu yetu, kisha apite mbele ya baraza lililojaa wanaume, asalimie na kusalimiwa na kila mmoja. Kwa safari moja ya arusi, sawa. Kwa chumvi kidogo, nani angejitesa hivyo?

Babu alifariki masika yakiwa yameanza. Bibi akakaa eda, miezi minne na siku kumi, kama ilivyo kwa mwanamke aliyefiwa na mumewe. Nguo nyeupe, hakuna wanja wala manukato, hakuna kutoka nje, na mwanaume asiye maharimu wake asimwone. Sikuwahi kumwona Bibi akiwa mdogo kiasi kile. Alikuwa mwanamke wa amri, anayejua kila sufuria iko wapi, na sasa alikaa juu ya mkeka akitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine.

Usiku mmoja wiki hiyo hiyo, upepo na mvua vikauangusha ua wetu wote wa upande wa njia. Kulipokucha uani kulikuwa wazi. Wapita njia, wachuuzi wa samaki, watoto wa shule, kila mtu aliona mpaka chungu chetu kimepasuka wapi. Na choo, kama mnavyojua, kilikuwa kule mwisho wa uani.

Basi mimi na binamu yangu Mwajuma tukawa ndio ua. Bibi alipotaka kwenda msalani, tulisimamisha mkeka mkubwa, mimi huku na yeye kule, tukatembea naye polepole hatua kwa hatua, mvua ikitupiga usoni. Mwajuma alikuwa mfupi kuliko mimi, kwa hiyo upande wake mkeka uliinama, na Bibi akawa anainama na mkeka. Siku moja tulianza kucheka, tukashindwa kujizuia. Naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akalia palepale katikati ya uwanja. Tulisimama na mkeka wetu mpaka alipomaliza.

Mjomba Sefu, mwanawe mkubwa, aliyaona hayo kutoka mlangoni. Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa na wapasuaji mbao huko Mkange, na mbao alizijua kama sisi tunavyojua mchele.

"Mama yangu haonwi tena na mpita njia," alisema. "Na makuti sijengi. Najenga ua atakaozeeka nao."

Akaondoka, akarudi na lori la nguzo za mbambakofi, ule mti mgumu, na mabanzi ya mvule. Wanaume wa mtaa wakaja kumsaidia, kwa sababu ua wa mwenye eda haukuwa kazi ya mtu mmoja. Sisi tulipika. Nakumbuka ule moto waliouwasha nje, nguzo zimelazwa juu yake, miguu ya nguzo ikibabuliwa mpaka ikawa nyeusi ti, ili unyevunyevu na mchwa visipate pa kuanzia. Zikishapoa wakazipaka sifa, yale mafuta ya papa wanayopakia vyombo vya baharini, na mtaa mzima ukanuka wiki nzima. Hakuna aliyelalamika, au tuseme hakuna aliyelalamika mbele ya Mjomba. Chini ya kila shimo alitia vipande vya matumbawe ili maji yapate njia. Misumari hakuitaka kabisa. Alisema chumvi ya hapa inakula chuma kama bisi, akatumia vigingi vya mti alivyovichonga mwenyewe. Mabanzi aliyapandanisha, moja likilalia jingine, ili kaskazi ikija na mbao zikisinyaa pasitokee ufa wa jicho. Na chini aliacha nafasi ya shubiri moja, mbao zisiguse ardhi mbichi, akaiziba kwa mawe upande wa njia.

Ua ule ulikuwa mzuri, wallahi. Watu walitoka mitaa mingine kuja kuugonga kwa vifundo vya vidole. Na Mjomba, kwa vile mbao zilibaki, hakuishia upande wa njia. Aliuzungusha pande zote, pamoja na upande wa Bi Zuhura, bila kubakisha hata penye kupita mtoto. Mahali pa lile kuti, karibu na mlonge, alisimamisha nguzo nene kuliko zote. Mjomba huyu huyu, utotoni mwake, alikuwa amepita hapo mara elfu akikimbia fimbo. Lakini mwanaume akishaota ndevu, akili yake yote inahamia barazani.

Alipomwita mama yake aje aone, Bibi alitoka taratibu, akauzunguka ua mzima, akipapasa mbao kwa kiganja. Alipofika penye mlonge alisimama kidogo.

"Mzuri, baba," alisema. "Mwenyezi Mungu akubariki. Marehemu angefurahi."

Mjomba akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Mama mdogo, aliyekuwa amekuja kutusaidia wakati wa msiba, akafungua mdomo kutaka kusema, Bibi akamtazama, akaufunga.

Hapo ndipo Bibi alipoanza kuisha. Wakati wa mvua, hata ua ulipokuwa umeanguka, Bi Zuhura alikuwa akija na wakala pamoja ndani. Tangu zamani, babu akila barazani na wenzake, wao wawili walikula uani sinia moja. Sasa Bi Zuhura alipita mbele mara moja, mguu ukamvimba, akalala siku kadhaa. Bibi akabaki na ua wake mzuri. Tukimpelekea chakula anakimega kidogo, anakisukuma, anasema ameshiba. Nguo nyeupe zikaanza kumpwaya. Mimi nilikuwa mtoto, lakini niliogopa. Nilikuwa nimeshaona mtu mmoja akitolewa katika nyumba ile na sikutaka kuona wa pili.

Tulifanya tulichoweza. Bi Zuhura akipika vitumbua, aliweka sahani chini, akaisukuma kwa mwiko kupitia ile shubiri ya chini ya mbao, nasi tukaipokea upande huu. Vitumbua vilipita. Bi Zuhura hakupita. Ikabaki kuzungumza kwa sauti, kila mmoja upande wake, na kwa vile mbao za Mjomba zilikuwa nene, sauti ilibidi iwe kubwa. Enyi wenzangu, wanawake wawili watu wazima waliozoea kunong'onezana miaka yote, sasa mambo yao yakawa yanasikika mpaka sokoni. Barazani wanaume walianza kukohoa. Mtaa mzima ulijua nani ana mimba na nani hajui kupika.

Alasiri moja Mjomba alikuwa amekaa barazani na wageni. Mimi nilikuwa napeleka kahawa, ndiyo maana niliyasikia yote, na nyumba nzima iliyasikia.

"Mwanahawa! Shoga! Umekula?"

"Nimekula!"

"Umekula nini?"

Kisha sauti ya Bibi, kubwa na imechoka. "Sijala, Zuhura. Nakudanganya. Tangu ulipozibiwa njia chakula hakinipiti. Nitakula na nani, na mbao?"

"Mwambie Sefu basi!"

"Nimwambie nini? Mtoto amejenga kwa machozi. Afadhali nikae na njaa yangu."

Wanaume wote walitazama vikombe vyao. Mjomba aliweka chake chini, akasimama, akaingia ndani bila hata kukohoa. Nilimfuata. Alimkuta Bibi ameegemea mbao penye mlonge, mgongo kwa ua, na najua hakika kwamba upande wa pili Bi Zuhura naye alikuwa ameegemea palepale.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ua ni mzuri, baba. Sikuwa na la kusema."

"Njia ilikuwa wapi?"

Bibi aliweka tu kiganja juu ya ile nguzo nene. Mjomba aliitazama muda mrefu, na nadhani ndipo alipojikumbuka akiwa kitoto cha kaptula, akipenya hapo na mama yake akimfuata na ufagio. Akacheka. Akacheka huku machozi yanamtoka, akatoka kwenda kutafuta msumeno.

Kuikata nguzo ile kulimtoa jasho kuliko kuisimamisha. Alilaani mbambakofi, akalaani matumbawe, akajilaani mwenyewe kwa kazi nzuri. Akasimamisha miimo miwili, akaweka mti juu, na kati yake akaning'iniza kilango cha mabanzi, kifupi, cha kupita kwa kuinama. Mama mdogo akamwuliza komeo liwe upande gani, kwetu au kwao.

"Hakuna komeo," alisema Mjomba, akakusanya vyombo vyake.

Bi Zuhura alipita kwanza, ubavu ubavu, ule mguu mbele, na sinia la wali kichwani. Jioni ile Bibi alikula mpaka akaomba ukoko. Alimaliza eda yake salama, akaogeshwa, akavalishwa, na wanawake waliokuja kumshangilia nusu yao walipita kwenye kilango.

Wengi wenu mnaonisoma mmeshahamia kwenye nyumba za vijana wenu, kama mimi. Mwanangu ana nyumba nzuri njia ya kwenda Dar. Wakati wanainua ukuta wa matofali na kupanga vipande vya chupa juu yake, nilimwuliza fundi kilango cha jirani kitakuwa wapi. Fundi akamtazama mwanangu. Mwanangu akasema, "Mama, jirani yupi?" Hakuwa na ubaya, ni mtoto mwema. Kweli hamjui jirani yake. Nami, miaka inakwenda, simjui. Nasikia tu mlio wa mwiko wake upande wa pili jioni, na wakati mwingine nakaa na sahani yangu karibu na ukuta huo, na siwezi kusema sina huzuni.

Nikipata wa kunipeleka, huwa nakwenda Bagamoyo. Wote wameshatangulia, na ua wa Mjomba ulishakwenda kidogo kidogo, mabanzi yakawa banda la mbuzi na baadaye kuni. Imebaki ile miimo miwili ya mbambakofi, imesimama kiwanjani, kulia wazi, kushoto wazi. Mti wa juu haupo tena. Mtu anaweza kupita popote anapotaka. Mimi huenda pale penye miimo, nikainamisha kichwa, nikapita katikati, nikaita hodi.